Nani Anatupa Pole?

Vita ya Kagera ilinikuta Gitting. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Pangani niliyepangiwa kazi kwenye miteremko ya Mlima Hanang, mahali ambapo sikuwa na ndugu wala jamaa. Walioandika habari za vita ile wameeleza daraja la Kyaka, wameeleza Masaka, wameeleza siku Kampala ilipoanguka. Mimi mstari wa mbele sikuuona. Nilichokishuhudia ni namna kijiji kilichokuwa mbali kabisa na Kagera kilivyopokea habari ya kifo, na namna watu wa lugha zisizohusiana hata kidogo walivyomfariji mzee mmoja na mkewe. Nayaandika haya kwa sababu wengi wa waliokuwepo wameshatangulia, na kwa sababu neno walilolitumia siku zile, pole, leo nalisikia likitupwa mbio mbio kana kwamba halina uzito.

Gitting wakati ule ilikuwa wilaya ya Hanang, mkoa wa Arusha. Mkoa wa Manyara ulikuja kuundwa mwaka 2002. Mlima wenyewe, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, ulikuwa juu ya vichwa vyetu saa zote, na asubuhi nyingi hatukuuona kwa ukungu. Wenyeji wa miteremko walikuwa Wairaqw, wakulima wa mahindi na maharage na wafugaji wa ng'ombe, ambao wazee wao waliteremka kutoka nyanda za juu za Mbulu wakitafuta ardhi. Tambarare za chini zilikuwa za Wabarabaig, tawi la Wadatoga, watu wa mifugo. Hao ndio ambao Watanzania wengi waliwaita Mang'ati, jina walilobandikwa na Wamaasai lenye maana ya adui. Ukisogea upande wa Singida ulikuta Wanyaturu na Wanyiramba. Ukizunguka upande wa Kondoa ulikuta Warangi, Waburunge na Wasandawe. Na huko Ziwa Eyasi, Wahadza. Wataalamu wa lugha hupenda sana sehemu hizi, kwa maana ni vigumu kupata kwingine Afrika ambako Kibantu, Kikushi, Kiniloti na lugha zenye vidoko zimepakana kwa karibu namna hii. Kiiraqw asili yake ni moja na lugha za Ethiopia na Somalia. Kidatoga ni ndugu wa mbali wa Kimaasai. Mtu wa jamii moja ya lugha hawezi kubahatisha maneno ya jirani wa jamii nyingine. Lazima akae naye, ajifunze.

Mimi nilifika na Kiswahili changu cha pwani mwaka 1978. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limeagiza kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo mwaka 1977, na madarasa yalikuwa yamefurika. Watoto wa Kiiraqw na wa Kibarabaig walikaa dawati moja, wengine wakiwa hawajui Kiswahili isipokuwa shikamoo na neno hilo ninaloliandikia. Vijiji vyenyewe vilikuwa vipya. Miaka mitatu minne nyuma, wakati wa Operesheni Vijiji, watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye tembe zao zilizotawanyika na kupangwa kwa mistari, na kidonda cha kuhamishwa kilikuwa bado kibichi. Nyumba niliyopewa chumba ilikuwa ya bibi mmoja mjane. Asubuhi yangu ya kwanza alinikuta nimejikunyata mlangoni na kanga mbili mabegani, akaniwekea blanketi akisema, "Pole na baridi, mwalimu."

Pole nilizaliwa nayo. Kwetu Pangani mtu akirudi baharini huambiwa pole na kazi, akishuka basi huambiwa pole na safari, akifiwa watu humjia na makiwa na pole, wakakaa naye matanga. Lakini huko pwani kila mtu ana maneno mengi ya kufarijiana, na pole ni moja kati ya mengi. Gitting nilikuta pole imebebeshwa kazi kubwa zaidi. Mbarabaig aliyempitisha ng'ombe wake pembeni mwa shamba alimwambia mama wa Kiiraqw anayepalilia, "Pole mama," na mama akajibu bila kuinua mgongo, "Asante, pole na jua." Mnyaturu aliyekuja kuuza vyungu, Mrangi mwenye duka, karani kutoka Moshi, wote walipitia mlango huo huo. Mazungumzo mengine yangeweza kuwashinda. Hilo halikumshinda mtu.

Darasani nililazimika kulifundisha neno hili, kwa maana watoto walilipenda mno. Mtoto akimsukuma mwenzake akaanguka, aliyesukuma alikuwa wa kwanza kusema pole. Nikawaambia: wewe uliyemsukuma, kwanza mwombe radhi, sema nisamehe, pole waachie wenzako, kisha nawe utampa. Samahani hutoka kwa mwenye kosa. Pole hutoka kwa yeyote. Anayeitoa hasemi "nimekukosea", wala haulizi ni nani aliyekosea. Anasema ameliona lililokupata na hakupiti hivi hivi. Ndiyo maana anaweza kuitoa mgeni kabisa, au mtoto kumpa mtu mzima, au mtu kumpa adui yake. Wanafunzi wangu walilielewa hilo upesi kuliko nilivyotarajia. Siku kibuyu cha maziwa cha mvulana mmoja wa Kibarabaig kilipopasuka uani, watoto wa Kiiraqw walijipanga mmoja mmoja kumpa pole, na yeye, machozi yakimtoka, akamjibu kila mmoja kama mtu mzima: "Nimeshapoa. Nimeshapoa."

Mwisho wa Oktoba 1978 redio ikatangaza kwamba majeshi ya Idi Amin yamevuka mpaka na kuushika upande wa kaskazini wa Mto Kagera. Siku chache baadaye, tarehe 2 Novemba, Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa, akaeleza kwamba kumpiga nia tunayo, sababu tunayo na uwezo tunao. Redio ya betri ya shule ilitolewa nje, ikawekwa juu ya meza, na kijiji kizima kikasimama kuizunguka. Wazee wasiojua Kiswahili walitafsiriwa kwa Kiiraqw upande mmoja na kwa Kidatoga upande mwingine, kwa sauti za chini ili wasiifunike sauti ya redio.

Vijana waliondoka. Baadhi walikuwa tayari jeshini, wengine walitoka Jeshi la Kujenga Taifa, wengine walikuwa mgambo. Mmoja wao alikuwa mtoto wa mwisho wa mzee aliyeishi mistari miwili ya nyumba kutoka kwa bibi yangu. Kijana hakuwa ameoa. Alimaliza darasa la saba, akaenda jeshi, na likizo yake ya mwisho alikuja shuleni na buti zake kuwaonyesha watoto gwaride. Babu yule nilizoea kumwamkia kila asubuhi nikienda kazini. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini kilichokuwepo kilikuwa sahihi, na kila nilipomwuliza habari ya kijana alijibu, "Yupo kazini."

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Kijijini watu walicheza ngoma. Barua ilikuja baada ya furaha hiyo, masika, matope yakiwa yamefunga barabara ya kwenda mji wa Katesh. Mwenyekiti wa kijiji alinifuata darasani, akaniomba twende pamoja na balozi wa nyumba kumi. Alisema barua ya serikali isomwe na mwalimu ili kusiwe na neno litakalopotea njiani. Nilijua ni nini kabla sijaifungua.

Tulimkuta babu ameketi juu ya kigoda mbele ya nyumba, mkewe akipukuchua mahindi mlangoni. Nikaamkia, nikakaribishwa, nikasoma. Ilikuwa barua fupi iliyopigwa chapa: jina, namba, cheo, kikosi, kwamba amefariki akiwa katika kulitumikia taifa, kwamba amezikwa kwa heshima zote pamoja na mashujaa wenzake. Balozi alikuwa akitafsiri sentensi kwa sentensi. Mama aliendelea kupukuchua, ila punje sasa zilianguka chini badala ya kuanguka ndani ya ungo. Nilipomaliza, babu akanigeukia, akasema kwa Kiswahili:

"Mwalimu, wametupa pole?"

"Ndiyo, babu. Wameandika kwamba wanatoa rambirambi kwa familia yote."

"Hilo nimesikia. Nauliza, nani anatupa pole?"

Nikaitazama barua tena. Chini kulikuwa na muhuri, saini isiyosomeka na, chini ya saini, jina na cheo kwa mashine. Nikamwambia ni mkuu wa kikosi chake.

"Ana jina?"

Nikalitaja. Akalirudia polepole, mara mbili, mpaka akalipata vizuri. Kisha akasema, "Sawa. Tumeipokea."

Sijawahi kusahau swali lile. Mimi niliyesoma nilikuwa nimeridhika na neno rambirambi lililoandikwa katika karatasi. Yeye alitaka kujua limetoka kinywani mwa nani. Kwa babu, pole isiyo na mtu nyuma yake haikuwa imetolewa bado.

Mambo yaliyofuata yalikuwa magumu kwa kijiji, na ili msomaji ayaelewe ni lazima nieleze desturi moja. Kwa Wairaqw wa zamani, vifo vya namna fulani, hasa kifo cha kijana au cha mwenzi wa ndoa, viliitia nyumba katika hali waliyoiita metimani. Watu wa nyumba hiyo walijitenga kwa muda. Hawakula wala kunywa chombo kimoja na majirani, na njia za wengine waliziepuka, na ng'ombe wao hawakuchanganywa na wa wengine. Mgeni anaweza kudhani ni ukatili. Wao waliona ni kuilinda nchi na watu wake, ili balaa lisiwaenee wote, na waliofiwa wenyewe walijitenga kwa hiari kwa kuwajali majirani. Kufikia miaka ya 1970 desturi hiyo ilikuwa imelegea sana. Makanisa yaliipinga, na maisha ya kijiji cha kupangwa, nyumba kwa nyumba, bomba moja la maji kwa wote, hayakuiachia nafasi. Lakini wazee waliishika bado mioyoni.

Sasa kijana amekufa Uganda na kaburi lake liko mbali. Je, nyumba ya babu imeingia metimani? Wazee walikaa juu ya jambo hilo. Mmoja alisema ardhi ya Gitting haikuguswa na kifo kile, kwa hiyo hakuna kitu. Mwingine akasema damu ni ya nyumba ile ile, umbali hauifuti. Waumini wa kanisa walisema wao watakwenda kusali bila kungoja uamuzi. Mwishoni babu mwenyewe akamaliza ubishi: yeye na mkewe watakaa kando kwa kitambo, na anayetaka kuja asizuiwe.

Basi nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona pwani. Siku mbili tatu za kwanza, majirani wazee walikuja mpaka ukingo wa uwanja wa nyumba, wakasimama, wakaweka chini walichobeba, kuni, unga, galoni la maji, wakapaza sauti: "Poleni!" Kutoka ndani babu akaitika: "Tumepoa! Nanyi poleni!" Kisha wakaondoka. Walikuwa Wairaqw wakimfariji Mwiraqw, na bado walitumia Kiswahili. Nilimwuliza bibi yangu kwa nini hawasemi kwa lugha yao. Akanijibu kwamba katika lugha yao maneno ya msiba yana wakati wake na mtu wake wa kuyasema, na kwamba kuna wakati mtu anayataka maneno hayo na hayamruhusu. "Pole haina masharti hayo," alisema. "Pole hata mtoto anaitoa. Kwa hiyo tunaitumia pale miguu yetu inapokatazwa."

Kina mama wa kanisa waliingia ndani, wakasali, wakafagia, wakapika. Mimi nami niliingia jioni baada ya kufunga shule. Nilikuwa kijana, sikuwa na maneno ya kumwambia mama aliyefiwa na mtoto wa mwisho. Nikakaa chini kando yake, nikachukua gunzi, nikaanza kupukuchua. Mahindi yale yalikuwa makavu, yanaumiza kidole gumba. Nilimwiga anavyofanya: anavunja mstari mmoja wa punje kwanza kwa ncha ya kidole, kisha mistari mingine inafuata kirahisi kwa kusukumwa na kiganja. Tulipukuchua hivyo mpaka giza likaingia, debe likajaa. Nilipoinuka nikasema, "Pole, mama." Akaniambia, "Asante, mwalimu. Nimeshapoa. Nenda ukale."

Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi. Mama hakuwa amepoa, na mimi nilijua, na yeye alijua kwamba najua. Lakini jibu hilo halielezi hali ya moyo wa aliyefiwa. Linamwambia mtoaji kwamba alicholeta kimefika, asihangaike, aende kwake akapumzike. Ni ukarimu wa mtu aliye ndani ya msiba kumfungulia njia mgeni wake. Msiba wenyewe unabaki pale pale, ila sasa watu wawili wanajua kwamba wameuangalia pamoja.

Wiki iliyofuata akaja mzee wa Kibarabaig kutoka tambarare za chini, fimbo mkononi, shuka begani, na kijana wake nyuma amebeba kibuyu kirefu cha maziwa. Wazee hawa wawili walifahamiana. Walikuwa wameuziana ng'ombe, na pia walikuwa wamegombana kwa ajili ya ng'ombe, na kila mmoja aliijua lugha ya mwenzake kiasi cha kuelewana sokoni. Yeye hakusimama ukingoni. Desturi ya metimani haikuwa yake, kwa hiyo haikumfunga; alivuka uwanja, akaingia, akaketi karibu na babu, akampa mkono. Wote tuliokuwepo tulinyamaza. Akasema kwa Kiswahili:

"Mwenzangu, pole. Nimesikia, nimekuja."

"Nimepoa, mzee mwenzangu. Wako yuko wapi?"

"Wangu yuko huko huko. Hajarudi, na barua haijaja."

Babu akamshika tena mkono. "Basi pole na wewe, kwa kungoja."

Wakakaa. Kibuyu kikafunguliwa, maziwa yakamiminwa, na babu akanywa. Jirani mmoja Mwiraqw aliyekuwa amesimama nje tangu asubuhi alipoona hivyo akaingia naye, akapokea kikombe. Baada yake akaingia mwingine. Hakuna aliyetangaza kwamba kujitenga kumekwisha, na sikusikia mtu akilijadili tena.

Siku chache baadaye babu aliniita nimwandikie barua. Nilidhani anataka kuulizia mafao, nikaja na karatasi za kutosha. Yeye alitaka mistari michache tu kwa yule mkuu wa kikosi. "Mwandikie kwamba tumepata pole yake," alisema. "Mwandikie na yeye pole. Kijana alikuwa wangu, lakini yeye ndiye aliyemzika." Niliandika hivyo hivyo, nikamsomea, akaweka dole gumba. Mwenyekiti akaipeleka Katesh kwenye ofisi ya serikali. Jibu halikuja, wala babu hakulingoja. Deni lake alikuwa amelipa.

Wanajeshi wetu wengine walibaki Uganda hadi mwaka 1981. Mtoto wa yule mzee wa Kibarabaig alikuwa kati yao, na alirudi mzima. Habari ilipofika Gitting, babu alivaa koti lake, akachukua fimbo, akateremka mlima kwa miguu kwenda kumpa mwenzake hongera. Waliomwona njiani walimwambia, "Pole na safari, babu," naye akawashukuru. Nimeshuhudia watu wengi wakitoa pole. Mtu aliyefiwa kwenda kumpongeza aliyerudishiwa nimemwona mmoja tu, na nasema kwa yakini kwamba siku ile babu alitufundisha kwamba pole na hongera ni kazi moja. Asiyejua kutoa moja, na nyingine hutoa nusu.

Kwa upande wa Wabarabaig, miaka ile ile walikuwa na msiba wao ambao haukupata pole kwa muda mrefu. Tambarare za Basotu zilikuwa zimegeuzwa kuwa mashamba makubwa ya ngano ya umma kwa msaada wa Kanada, maelfu kwa maelfu ya ekari, na ndani ya eneo hilo yalikuwemo malisho yao na makaburi ya wazee wao. Mzee mkubwa wa Kidatoga hazikwi akasahaulika. Hujengewa kilima cha udongo, na ibada yake, bung'eda, huchukua miezi na kukusanya ukoo mzima. Walilalamika kwamba matrekta yalilima juu ya makaburi hayo. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi ule. Mzee mmoja aliniambia baadaye kwamba ardhi mtu anaweza kuipigania tena, lakini kilichomkaa rohoni ni kwamba hakuna aliyekuja kusimama pale kwenye makaburi akasema pole. Sheria ina fidia, na fidia ina kiwango. Ila pole hakuna hakimu anayeweza kuiamuru.

Tarehe 12 Aprili 1984 redio ilikatisha vipindi vyake kutangaza kifo cha Waziri Mkuu, Edward Moringe Sokoine, kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro. Alikuwa mtu wa Monduli, mkoa wetu wa Arusha wa wakati huo. Jioni ile Gitting watu walitoka nje wakawa hawajui waende kwa nani, maana mfiwa hakuwa na nyumba pale kijijini. Kwa hiyo walipeana wao kwa wao. Kila uliyekutana naye njiani alikuambia pole, nawe ukamwambia pole, na wote wawili mkajibu mmepoa. Nilimkuta babu yule yule kwenye njia ya kisima. Alikuwa amezeeka, haoni vizuri. Nikampa pole ya taifa, akanipa, kisha akauliza kama Sokoine ana mama hai, ili ajue pole yake aielekeze wapi.

Nilihamishwa mwaka uliofuata, nikafundisha kwingine, nikastaafia Babati. Babu na mkewe wamekufa, bibi yangu amekufa. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, na tope, mawe na magogo vikashuka juu ya mji wa Katesh na vijiji kama Gendabi na Jorodom. Walikufa watu zaidi ya 80. Simu yangu ilijaa pole kutoka Tanga, Dar es Salaam na hata nje ya nchi, kwa sababu watu walijua niliwahi kuishi huko. Zilinifariji, na namshukuru kila aliyeandika. Lakini mimi niliona sina haki ya kuzipokea na kukaa nazo. Barabara ilipopitika nilipanda basi nikaenda.

Katesh niliwakuta waathirika, na kandokando yao watu wa Gitting na vijiji vingine vya mlimani walioteremka na mahindi, nguo na masufuria. Nilizunguka nikitoa pole, mmoja mmoja. Mama mmoja wa Kiiraqw aliniuliza, "Bibi, umetoka wapi?" Nikamwambia Babati. "Umekuja kwa nani?" Nikamjibu nimekuja kwao. Akanitajia waliokufa wa nyumba yake, jina baada ya jina, na baada ya kila jina nikamwambia pole, mpaka akamaliza. Kisha akaniuliza jina langu. Nikamwambia, naye akalirudia kama babu alivyolirudia la yule mkuu wa kikosi, polepole, mpaka akalipata.

Vijana wangu, nawaandikia ninyi hasa. Sina ugomvi na pole ya kwenye simu, wala na rambirambi inayotumwa kwa mtandao. Sanda na jeneza vina gharama, na fedha inayofika usiku ule ule ni msaada mkubwa. Ila ujumbe ule usiwe ndio mwisho wa safari. Andika jina lako. Taja jina la aliyekufa. Na siku utakapokutana na mfiwa, hata mwaka ukiwa umepita, mpe pole yake kwa mdomo, kwa maana desturi yetu haijaiwekea pole muda wa kwisha. Mzee wa Gitting aliyejua Kiswahili kidogo alikuwa na swali moja tu juu ya karatasi ya serikali, na kila mfiwa analo moyoni hata asipoliuliza: nani anatupa pole? Hakikisha jibu lipo, na jibu liwe wewe.